Askari aliyefyatua risasi: aeleze papo hapo, aelekezwe kwanza, au aeleze kwa hatua?

Askari akishafyatua risasi na mtu akaanguka, maneno yake yatapita mikononi mwa wengi: mpelelezi wa jinai, kitengo cha nidhamu, mwendesha mashtaka, mawakili wa familia ya aliyepigwa, na huenda mwishowe mahakama. Si ajabu basi kwamba kabla hajafungua kinywa hujitokeza wa kumshauri: wakili wa chama cha askari, mkuu wa zamu, au mtaalamu aliyesomea mambo ya matumizi ya nguvu. Anayeandika kanuni za idara, au anayekaa kwenye chombo cha kuwasimamia polisi, lazima aamue ushauri huo uishie wapi.

Mjadala huu huchanganya mambo mawili. Kuna kumwambia askari haki zake: kwamba katika upelelezi wa jinai anaweza kunyamaza, kwamba mwajiri anaweza kumtaka aeleze kwa ajili ya nidhamu, kwamba asichokikumbuka aseme hakikumbuki. Na kuna kumpangia maneno. Anayefanya la kwanza ni wakili. Anayefanya la pili amegeuka mwandishi mwenza. Humu, "kuelekezwa" ni hilo la pili: mtu mwingine kuchagua, kuchuja au kunyoosha maneno ya maelezo kabla hayajawekwa kwenye jalada.

| | Papo hapo, peke yake | Kusubiri na kuelekezwa | Kwa hatua |
|---|---|---|---|
| Maelezo kamili lini | Kabla hajaondoka zamu | Siku kadhaa baadaye | Mafupi zamu hiyohiyo, kamili baada ya kupumzika |
| Wakili | Hayupo, au yuko nje | Anapitia au kuandika rasimu | Yupo, anashauri haki, hagusi maneno |
| Video | Hajaiona | Ameitazama kwanza | Anaiona baada ya maelezo ya awali kurekodiwa |
| Udhaifu mkubwa | Mapengo yanayokuja kuitwa uongo | Haijulikani ni kumbukumbu ya nani | Inataka watu wa kutosha na msimamizi asiyeyumba |

Papo hapo

Hoja yake ni nyepesi: kumbukumbu hainawiri kwa kukaa. Kila saa inayopita huleta simu za wenzake, taarifa ya habari, picha za mitandaoni, na askari mwenyewe akiirudia habari kichwani huku akiziba mianya. Shahidi wa kiraia aliyesimama ng'ambo ya barabara huhojiwa usiku uleule. Hakuna anayemwambia akalale kwanza.

Wapinzani wanajibu kwamba mtu aliyetoka kwenye hatari ya kufa si shahidi wa kawaida, na hapo wana haki. Alexis Artwohl, mwanasaikolojia wa polisi nchini Marekani, alichapisha mwaka 2002 majibu ya askari 157 waliowahi kuhusika katika matukio ya risasi. Asilimia 84 walisema sauti zilififia, asilimia 79 waliona kama wanachungulia kwenye bomba, asilimia 62 waliona mambo yakienda polepole, na asilimia 52 walikosa kabisa kumbukumbu ya sehemu fulani ya tukio. Asilimia 21 walikumbuka kitu ambacho hakikutokea, au kilitokea kwa namna nyingine kabisa.

Takwimu hizi hutumiwa sana kudai kwamba askari apewe siku mbili tatu. Zikisomwa vizuri zinasema jambo dogo zaidi: mapengo ni ya kawaida na yasichukuliwe kuwa dalili ya hatia. Usingizi wa usiku mmoja unaweza kumsaidia mtu kupanga alichokishika. Mlio ambao ubongo haukuushika hauwezi kurudi hata akilala wiki nzima. Pengo likija kuzibwa siku ya tatu, lazima tuulize limezibwa na nini.

Kinachoharibu njia hii mara nyingi ni mhojaji. Anataka namba. Ulikuwa umbali gani? Zilipita sekunde ngapi? Ulipiga risasi ngapi? Askari, akiogopa kuonekana anakwepa, anataja namba. Kisha maganda yanaokotwa, vipimo vinachukuliwa, na namba hazilingani. Aliyefyatua mara saba huku akisema "tatu, labda nne" huenda hajadanganya hata kidogo, lakini miezi minane baadaye wakili wa upande wa pili atamsomea sentensi hiyo polepole. Ni bora asiulizwe sekunde wala mita. Achore alikosimama, aoneshe kwa mkono aliyepigwa alikuwa wapi, na idadi ya risasi ihesabiwe kutoka kwenye bastola yenyewe.

Kasoro ya pili ni uchovu wa kawaida tu. Tukio la saa tisa usiku mwishoni mwa zamu yenye urefu wa saa kumi na mbili huzaa maelezo ya nusu ukurasa. Yakiwa ndiyo maelezo pekee, kila kitakachoongezwa baadaye kitaonekana kimetungwa.

Kusubiri na kuelekezwa

Njia hii ina mizizi ya kisheria. Nchini Marekani, kesi ya Graham v. Connor ya mwaka 1989 iliweka kwamba nguvu iliyotumiwa na polisi ipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwa mahali pale, si kwa hekima ya baada ya tukio. Kipimo chenyewe kina mantiki. Matokeo yake, alichokiona na kukiamini askari katika sekunde ile kimekuwa moyo wa kesi nzima, na karatasi ya maelezo yake imekuwa kielelezo chenye thamani kuliko vyote. Kitu chenye thamani hiyo hakikosi mafundi wa kukitengeneza.

Muda wa kukitengeneza nao umewahi kulindwa na sheria. Maryland ilipitisha mwaka 1974 sheria ya haki za askari, ya kwanza ya aina yake Marekani, ambayo kwa muda mrefu iliruhusu kusubiri hadi siku 10 askari atafute wakili kabla ya kuhojiwa. Mwaka 2016 siku hizo zikapunguzwa kuwa 5, na mwaka 2021 sheria yote ikafutwa.

Tofauti anayoifanya mwelekezaji huonekana vizuri maneno yakiwekwa bega kwa bega. Mifano hii tumeitunga, lakini yeyote aliyewahi kusoma majalada ya aina hii ataisoma bila kushtuka. Haya ni maelezo ghafi:

"Alikuwa na kitu mkononi, cheusi. Nilimwambia atupe, sijui kama alinisikia. Akageuka, mkono ukapanda. Nikapiga. Sikusikia mlio wangu. Sikumbuki kama alikuwa ameshaanguka nilipopiga ya mwisho."

Na haya yamepita kwa mshauri:

"Mtuhumiwa alikaidi amri halali niliyoitoa kwa sauti kubwa, akafanya mwendo wa ghafla wa kutisha. Nikihofia maisha yangu na ya wenzangu, nilitumia nguvu inayolingana na tishio hadi tishio lilipokoma."

Tazama kilichopotea. Rangi ya kile kitu imekwenda, pamoja na "sijui kama alinisikia", na risasi ya mwisho ambayo askari mwenyewe aliitilia shaka. Mahali pake pamekaa maneno ya kisheria ambayo mtu hayasemi akiwa bado anatetemeka: "inayolingana", "lilipokoma". "Sijui kama alinisikia" imegeuka "alikaidi". Huenda mshauri hakumtuma mtu kusema uongo hata mara moja. Alifuta shaka tu, na shaka ndiyo iliyokuwa na habari.

Kwa askari mkweli hili ni hasara tupu, jambo ambalo vyama vya askari hulisema kwa nadra. Maelezo ghafi yenye "sikumbuki" yanastahimili video ikitokea, kwa sababu hayakudai mengi. Maelezo yaliyonyooshwa hayastahimili. Ikionekana sehemu moja tu haikuwa hivyo, hakuna atakayeamini zilizobaki, hata zile za kweli.

Mwaka 2015 huko North Charleston, South Carolina, askari Michael Slager alimpiga risasi Walter Scott, akasema kwenye redio kwamba Scott alikuwa amechukua Taser yake, yaani kifaa chake cha kushtua kwa umeme. Habari ilikwenda hivyo mpaka ilipotoka video ya mpita njia ikimwonesha Scott akikimbia, amempa mgongo, huku akipigwa. Slager alikiri kosa la shirikisho mwaka 2017 na kuhukumiwa miaka 20. Maneno yale ya redio hayakuhitaji mshauri, na hilo lina funzo lake: kusema mapema hakumfanyi mtu kuwa mkweli. Faida ya kusema mapema ni kwamba kauli inakuwepo kwenye rekodi kabla video haijajulikana, hivyo inaweza kupimwa.

Kuna pia kuelekezana wenyewe kwa wenyewe, bila wakili yeyote. Jean Charles de Menezes, raia wa Brazil aliyedhaniwa kimakosa kuwa gaidi, alipouawa na polisi kituo cha treni cha Stockwell, London, tarehe 22 Julai 2005, askari waliohusika waliandika maelezo yao wakiwa pamoja. Walidai kuwa kulikuwa na onyo la kwamba ni polisi wenye silaha. Abiria wa behewa lile hawakulisikia. Kwenye uchunguzi wa kifo mwaka 2008, jopo la wananchi liliulizwa kama aliyefyatua alitamka onyo hilo, likajibu hapana. Kama maelezo yangeandikwa kila mtu chumba chake, huenda yangetofautiana, na tofauti hiyo ingewasaidia askari wenyewe, kwa kuwa ingeonesha kwamba kila mmoja anasema lake.

Si lazima mtu awe na nia mbaya. Fiona Gabbert na wenzake walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2003: watu wawili wawili walitazama video ya tukio lilelile iliyopigwa kutoka pembe mbili, kisha wakazungumza. Kati ya waliozungumza, asilimia 71 walieleza angalau jambo moja ambalo macho yao hayakuliona. Waliamini wameliona. Chai ya pamoja kwenye kantini ya kituo inatosha kabisa.

Kiwango cha juu zaidi ni taasisi nzima kujiandaa. Baada ya Marikana, Afrika Kusini, ambako tarehe 16 Agosti 2012 polisi waliwaua watu 34 katika mgomo wa wachimba madini, maofisa wa polisi walikutana siku kadhaa Potchefstroom kuandaa simulizi ambayo jeshi lao lingeiwasilisha mbele ya tume ya Jaji Farlam. Tume iliona kwamba uongozi ulificha kuwa uamuzi wa kuwaingilia wagomaji siku ile ulifanywa usiku wa kuamkia tukio. Kufundishana maneno hakuishii kwa mtu mmoja aliyetingwa. Kunaweza kuvaa tai na kuandaliwa kwa slaidi.

Mahakama nazo zimesema. Katika kesi ya Ramsahai dhidi ya Uholanzi, iliyohusu kijana aliyeuawa kwa risasi ya polisi, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua mwaka 2007 kwamba kutowatenganisha askari wawili na kuwahoji karibu siku tatu baadaye ni upungufu mkubwa wa uchunguzi, ingawa hapakuwa na ushahidi kwamba walipanga lolote. Hoja ni mwonekano: umma hauwezi kujua walichozungumza, basi hauna sababu ya kuamini hawakuzungumza. Kanada ilikwenda mbali zaidi. Katika Wood v. Schaeffer, kesi iliyotokana na vifo viwili vya risasi huko Ontario mwaka 2009, askari walikuwa wameambiwa wasiandike daftarini mpaka waonane na wakili, na rasimu ya kwanza ikapitiwa na wakili kabla ya nakala safi. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2013 kwamba askari hana haki ya kushauriana na wakili kabla ya kuandika daftari lake. Akishaandika, amwone amtakaye.

Tunaikataa njia hii, lakini kuna kipande chake cha kuokoa: mapumziko. Chama cha kimataifa cha wakuu wa polisi kimekuwa kikipendekeza askari apate muda wa kupumzika kabla ya mahojiano marefu, na hilo halina ubaya iwapo jambo la msingi limesharekodiwa.

Kwa hatua

Hii inachukua haraka ya njia ya kwanza na utulivu wa ya pili. England na Wales hugawa kazi katika hatua nne: taarifa ya hali ya eneo, mambo ya msingi, maelezo ya awali ya kila mmoja, na maelezo kamili ambayo kwa kawaida husubiri angalau saa 48. Anayetaka kuunda utaratibu wake anaweza kuufuata hivi.

Msimamizi wa kwanza kufika anauliza maswali ya usalama tu, kwa kila askari kando: umefyatua? ulielekeza upande gani? nani ameumia? kuna mtuhumiwa aliyekimbia, na ana silaha? kuna vielelezo vya kulinda? kuna mashahidi? Anaishia hapo. Swali la "kwa nini" halimhusu. Msimamizi mwenye huruma ndiye huvunja kanuni hii, anapomwambia kijana wake "ulihofia maisha yako, sivyo?" Sentensi hiyo moja imeshatosha kuwa ni kumwelekeza.

Kisha kila askari anapewa msindikizaji wake ambaye hakuwepo kwenye tukio, na gari lake. Ukiwaweka wawili kiti cha nyuma, utenganisho umekufa. Simu za kazi zinachukuliwa; za binafsi, kwa kadiri sheria inavyoruhusu. Bastola inapokewa kama ilivyo, risasi za kwenye magazini na ile ya chemba zinahesabiwa mbele ya shahidi na kupigwa picha, na askari apewe silaha nyingine iwapo bado yuko kazini, maana kubaki na holsta tupu mbele ya wenzake humfanya ajione ameshahukumiwa. Hesabu hiyo asiambiwe. Maelezo yakija na idadi sahihi kabisa ya risasi saba au tisa, uliza aliijuaje.

Maelezo ya awali yanachukuliwa zamu hiyohiyo, kwa sauti au video, kwa swali moja la wazi: "Tueleze ulichokiona, ulichokisikia na ulichokifanya, kwa mpangilio wowote unaokujia." Dakika kumi na tano hutosha. Hakuna kumkatiza, hakuna kumkosoa. Wakili anaweza kukaa chumbani. Anaruhusiwa kusimamisha mahojiano ili kuzungumzia haki, na muda wa kusimama unatajwa kwenye rekodi. Haruhusiwi kupendekeza neno. Maelezo kamili yanafuata baada ya kulala, kwa mahojiano ya mtindo ulioanzishwa na Fisher na Geiselman miaka ya 1980: kumrudisha mtu kwenye mazingira, kumwacha asimulie, kisha kusimulia tena akianzia mwisho.

Ugomvi mkubwa uko kwenye video. Mwaka 2014 jukwaa la utafiti wa polisi la Marekani, PERF, lilipendekeza askari aruhusiwe kutazama kamera yake kabla ya kueleza, ili maelezo yawe sahihi zaidi. Yatakuwa sahihi zaidi kuhusu video. Sheria, kwa kipimo kilekile cha Graham, inauliza askari aliona nini, na kamera ya kifuani haiko machoni pake: mikono iliyonyanyua bastola huiziba, na hainyanyuki wala kugeuka pamoja na kichwa. Akishaitazama hatajua tena kipi alikiona barabarani na kipi kwenye skrini. Kwa hiyo: aeleze, irekodiwe, atazame, kisha aongeze, na nyongeza ijulikane kuwa ni nyongeza.

Pale askari asipotaka kusema

Hakuna njia kati ya hizi inayoondoa haki ya kunyamaza. Nchini Marekani, kesi ya Garrity v. New Jersey ya mwaka 1967 iliamua kwamba maelezo yaliyotolewa kwa tishio la kufukuzwa kazi hayatumiki dhidi ya askari kwenye kesi ya jinai. Hivyo idara inaweza kumlazimisha kwa ajili ya nidhamu, mradi mpelelezi wa jinai asiyaone maelezo hayo. Ukuta huo kati ya nidhamu na jinai ukivuja, kesi inaweza kubomoka. Walinzi wa Blackwater, kampuni binafsi ya ulinzi ya Marekani, waliofyatua risasi uwanja wa Nisour, Baghdad, mwaka 2007 walitoa maelezo kwa ahadi kwamba hayatatumika dhidi yao. Waendesha mashtaka wakayatumia. Jaji akafuta mashtaka mwishoni mwa 2009. Mahakama ya rufaa iliyarudisha mwaka 2011, na hukumu za hatia zikapatikana 2014, miaka saba baada ya tukio.

Kanuni ya kazi ni kwamba jinai itangulie, kwa hiari ya askari. Nidhamu ifuate, kwa amri ya maandishi, kwa watu wengine na kwenye jalada jingine. Amri itolewe na mtu mwenye mamlaka, na saa iandikwe.

Ipi ya kuchagua

Chombo huru cha uchunguzi kikiwepo na kikifika eneo la tukio ndani ya saa chache, chagua njia ya hatua bila kusita. Kikiwa mbali, msimamizi wa zamu afanye maswali ya usalama, utenganisho na hesabu ya risasi, na maelezo ya awali yasubiri wachunguzi, hata ikiwa ni asubuhi, lakini askari wasikutane. Kituo kidogo chenye watu sita hakiwezi kumpa kila mtu msindikizaji. Kiombe kituo jirani, na kiandike kwamba kiliomba na saa ngapi. Pasipo kamera, pasipo chombo huru na pasipo wakili wa karibu, njia ya papo hapo ni bora kuliko kungoja, kwa sharti kwamba mhojaji aache namba na aandike kila "sijui" kama ilivyosemwa.

Anayelazimishwa na mkataba wa chama kukubali siku za kusubiri asipoteze nguvu kupigania siku hizo peke yake. Apiganie kifungu kimoja: maswali ya usalama na maelezo ya awali ya dakika kumi na tano yawe nje ya muda wa kusubiri. Vyama hukubali jambo hili kuliko inavyodhaniwa, hasa ukiweka maandishi kwamba kusema "sikumbuki" kwenye maelezo ya awali hakutakuwa kosa la nidhamu.

Kuhusu kutunza: maelezo ya pili hayafuti ya kwanza. Yote mawili yanawekwa kwenye jalada na saa zake, majina ya waliokuwepo chumbani, na alama ya kama askari alikuwa ameona video au la. Rasimu, hata ikiwa ya mkono kwenye karatasi iliyokunjwa, haichanwi.